Moshi wa Dohani Unaanzia Kwenye Nozeli

Hotuba hii ilitolewa jijini Mwanza mbele ya mafundi mitambo, manahodha, wenye vyombo na wanafunzi wa ubaharia. Imeandikwa upya kwa wasomaji, ila maneno machache ya ukumbini yameachwa kama yalivyotoka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa bandari, manahodha, mafundi wenzangu, vijana wa chuo, mabibi na mabwana: mwangaluka!

(Ukumbi: Mwangaluka!)

Wazee, shikamooni. Nawashukuru kwa kunikaribisha. Naona waliotoka zamu ya usiku wamekaa viti vya nyuma ili wasinzie bila kuonekana. Sinzieni tu, ila nikifika kwenye nozeli, ile ncha inayopuliza mafuta ndani ya injini, nitawaamsha.

Mada niliyopewa ni kupunguza hewa chafu inayotoka kwenye injini za dizeli za meli. Kijana wa chuo akiingia mtandaoni kuisoma mada hii anakutana na bahari tupu. Atasoma habari za Rotterdam na Singapore, za mafuta mazito na mitambo ya kuosha moshi inayouzwa kwa mamilioni ya dola. Akifunga simu yake anabaki na picha kwamba sisi wa ziwani tupo mkiani, tunasubiri mfadhili atuletee mashine. Nimekuja kuibishia picha hiyo. Kuna jambo moja kubwa ambalo tumewatangulia watu wa bahari kuu. Na katika yale yaliyobaki, sehemu kubwa ya kazi inafanywa kwa spana, kwa mkono wa nahodha kwenye kasi, na kwa waya wa umeme wa gatini. Mashine za dola zina nafasi yake, nitazitaja, lakini siyo mwanzo wa safari.

Nianze na salfa, uchafu wa ndani ya mafuta unaogeuka asidi kwenye moshi. Bahari kuu ina mkataba wake wa kuzuia meli zisichafue mazingira, MARPOL, na mambo ya hewa yapo kwenye Kiambatisho cha Sita. Kilipitishwa mwaka 1997 na kikaanza kutumika Mei 2005. Kwa miaka mingi baada ya hapo meli za bahari ziliendelea kuruhusiwa kuchoma mafuta mazito, meusi kama lami, na hata kikomo cha salfa kiliposhushwa mwaka 2012 bado kilikuwa asilimia 3.5. Ni tarehe 1 Januari 2020 ndipo kikomo cha dunia nzima kilipofika asilimia 0.5. Kwenye maeneo yenye ulinzi wa pekee, kama Bahari ya Baltiki, Bahari ya Kaskazini na pwani za Marekani na Kanada, kikomo ni asilimia 0.1 tangu 2015. Hayo ndiyo mapambano makubwa mnayoyasoma.

Sasa tuje kwetu. Meli zetu hazichomi mafuta mazito. Zinachoma dizeli ile ile inayowekwa kwenye fuso linalobeba dagaa kutoka mwaloni wa Kirumba. Na nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli hiyo isizidi sehemu 50 za salfa katika sehemu milioni moja. Vijana, ligeuzeni liwe asilimia: ni 0.005. Kikomo cha dizeli yetu ni moja ya mia ya kikomo cha bahari kuu, na ni moja ya ishirini ya kikomo cha yale maeneo ya pekee. Kwa salfa, meli ya Nansio inachoma mafuta safi kuliko meli ya makontena inayoingia Rotterdam.

Kwa hiyo mtu akija hapa na kitabu chenye picha nzuri kutuuzia mtambo wa kuosha moshi ndani ya dohani, mpeni chai na mumuage vizuri. Mtambo ule unanyunyizia maji kwenye moshi ili salfa iyeyukie humo, kisha mingi kati yake inayatema maji hayo nje ya meli. Baharini unategemea uwezo wa maji ya chumvi kuizimua asidi. Maji baridi ya ziwa hayana uwezo huo kwa kiwango kile. Na hata yangekuwa nao, salfa ya kuosha iko wapi? Tungenunua ugonjwa wa kutibu. Pia hili ziwa tunalinywa. Chanzo cha maji ya bomba kipo Capripoint, si mbali na magati yetu, na sijui nani angesimama mbele ya wakazi wa Nyamagana kuwaeleza kwamba moshi tumeutoa angani tukauweka kwenye ndoo zao.

Haya yote yana sharti moja, kwamba kilichomo kwenye tangi ni dizeli kweli. Mnakumbuka enzi ya uchakachuaji, mafuta ya taa yalipokuwa yanamiminwa kwenye dizeli mpaka serikali ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama za kuyatambua mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili biashara ile isilipe. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine pale ndani. Ukiipa mafuta ya taa inasagika, ikisagika presha inashuka, na presha ikishuka nozeli haipulizi tena, inamwaga. Dumu la bei rahisi linaloletwa ufukweni usiku bila risiti, mwenye chombo atalilipia mara mbili, na mara ya pili atailipa kwa dola.

Salfa ikishatoka, kwenye moshi kunabaki nini? Lita moja ya dizeli ili iungue sawasawa inataka kama kilo 12 za hewa. Ikiungua vizuri inatoa joto, mvuke wa maji na takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Hiyo kaboni dayoksaidi hakuna kichujio cha kuizuia. Unaipunguza kwa kuchoma lita chache, basi. Kinachotuhusu zaidi leo ni vitu viwili, masizi na oksidi za naitrojeni. Vinazaliwa ndani ya silinda ile ile lakini kwa sababu zinazopingana, na hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea.

Masizi ni kaboni iliyokosa hewa au iliyokosa muda. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba pua na koo haziziwezi, zinateremka mpaka chini kabisa ya mapafu. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliutoa moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyoshukiwa na kuuingiza kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo ndilo lenye sigara na asbesto. Anayeuvuta kwanza siyo mtalii. Ni kijana wa chumba cha mitambo anayepangusa oili chini ya bomba linalovuja kwenye kiungo, ni kuli anayepanda na gunia mgongoni, ni mama lishe aliyeweka jiko lake pembeni ya gati kwa sababu wateja wake wapo hapo. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, kila mtu wa Mwanza anaujua, na gati la Kaskazini limekaa mdomoni mwa mji. Moshi wa pale hauendi Ukerewe, unapanda mjini.

Mafundi, rangi za moshi mnazijua: bluu ni oili inaungua, mweupe ni mafuta yasiyoungua au maji yameingia, mweusi ni mafuta mengi kwa hewa kidogo. Bluu na mweupe siziongelei leo. Kaeni na mweusi.

Kwa nini vyombo vingi huku kwetu vinatoa mweusi hata injini ikiwa haijachoka sana? Jibu moja liko chini ya miguu yetu. Uso wa Ziwa Victoria upo mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kiwandani injini inapimwa kwa vipimo vya kimataifa, nyuzi joto 25 na mgandamizo wa hewa wa kilopaskali 100. Hapa Mwanza mgandamizo ni kama 88. Maana yake, kila pistoni inaposhuka kuvuta hewa inapata pungufu ya karibu moja ya nane ya ile iliyopigiwa hesabu na mwenye kiwanda. Hewa imepungua, lakini pampu ya dizeli haina habari. Inaendelea kupeleka mafuta ya usawa wa bahari. Yale yaliyozidi yanaenda wapi? Dohani. Mengine yanaungua yakiwa yamechelewa, yakizichoma valvu za kutolea moshi.

Injini yenye turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, inajitetea. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi kufidia hewa nyepesi, ingawa nayo ina kikomo, na ndiyo maana watengenezaji wanatoa jedwali la kushusha nguvu kulingana na mwinuko. Injini isiyo na turbo haina utetezi wowote. Na zipo, tena nyingi: injini ya lori iliyotolewa kwenye fremu, ikafungwa kwenye boti la mizigo, ikaanza kazi ya majini bila mtu kuigusa pampu. Lori lilikuwa linavuta mzigo kwenye mlima halafu linapumzika kwenye mteremko. Ziwani hakuna mteremko. Injini ile itasukuma mzigo ule ule kutoka Mwanza hadi kisiwani bila kushusha pumzi.

Dawa yake haina gharama kubwa: pampu ipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye kitanda cha kupimia, ashushe kikomo cha mafuta kulingana na mwinuko wetu, kisha akifunge kwa risasi ili mtu asikichezee. Mwenye chombo atalalamika kwamba nguvu imepungua. Mwambieni taratibu kwamba ile nguvu anayoililia ilikuwa ni moshi. Hewa ya kuigeuza kuwa nguvu haikuwepo tangu mwanzo.

Halafu kuna joto la chumba cha mitambo. Hewa ya nyuzi 45 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 25 kwa asilimia kama 6. Tayari tumepoteza moja ya nane kwa mwinuko, sasa tunapoteza tena kwa sababu injini inavuta hewa iliyochemshwa na injini yenyewe. Bati la kutengenezea mfereji wa kuleta hewa kutoka juu ya deki linauzwa kwa bei ya bati. Na filta ya hewa, jamani, filta! Meli inayopakia unga, mkaa na saruji inavuta unga, mkaa na saruji. Nimewahi kutoa filta kwenye chombo kimoja, sitakitaja, nikaigonga sakafuni ikadondosha vumbi la kujaza kopo. Yule mwenye chombo alikuwa anatafuta pesa za kununua turbo mpya.

Haya, wa viti vya nyuma, amkeni. Tumefika kwenye nozeli.

Tundu za nozeli ya injini za ukubwa wa kati hazifiki nusu milimita. Kupitia tundu hizo dizeli inatakiwa itoke kama ukungu, kwa sababu tone kubwa haliungui lote: nje linawaka, ndani linabaki kaboni. Nozeli ikifungwa kwenye mashine ya kupimia, unavuta mkono wa pampu, mshale wa presha unapanda, na kwenye injini nyingi za zamani nozeli inafunguka baada ya baa 200, kila moja kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Nzuri inafunguka kwa mlio mkavu wa kukwaruza, trrr, na mawingu madogo yanatoka yote kwa urefu sawa kuizunguka ncha. Ukiacha kuvuta, inafunga kabisa. Unaipangusa ncha kwa kitambaa, unaishikilia chini kidogo ya presha ya kufungukia, unahesabu: ncha inabaki kavu. Mbovu haina mlio. Upande mmoja unapuliza, upande mwingine unarusha mshipa mmoja mwembamba kama mkojo wa mtoto, samahani mama zangu, na mwisho wake tone linaning'inia kwenye ncha. Tone lile likiwa ndani ya injini linageuka kaboni, linajijenga kuizunguka tundu mpaka nozeli inavaa kitu kama ua jeusi.

Ua lile lisisuguliwe kwa msasa. Naona watu wanaangaliana. Msasa unapanua tundu na kuivuruga midomo yake, na nozeli inayong'aa namna hiyo inamwaga kuliko ilivyokuwa chafu. Ilowekeni kwenye mafuta ya taa, hapo ndipo pa mafuta ya taa, mpige kwa brashi laini ya shaba, na tundu zisafishwe kwa sindano ya ukubwa wake. Ikishindwa mtihani baada ya hapo, inunuliwe nyingine halali. Nozeli bandia zimejaa madukani, na zinajulikana hapo hapo kwenye mashine ya kupimia. Kwa hiyo hata mpya ipimwe kabla ya kufungwa.

Nozeli inayovuja haiishii kwenye moshi. Dizeli inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinakula chuma kikavu, mafuta yanashuka mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ukiona oili inaongezeka yenyewe kwenye kijiti, usifurahi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa huku ni kufumua injini nzima. Kwenye meli kubwa kila silinda ina kipimajoto chake cha moshi. Fundi anayeandika namba zile kila zamu ataiona silinda moja ikianza kuachana na wenzake kabla jicho halijaona chochote dohani. Fundi anayenakili namba za zamu iliyopita, na mnajifahamu, ataona pale itakapokuwa imechelewa.

Upande wa masizi nimeusema kirefu kwa sababu ndiko kwenye ushindi wa haraka. Oksidi za naitrojeni ni hadithi nyingine, na hapa sitaki kuwadanganya: spana peke yake haitoshi.

Hewa tunayovuta karibu sehemu nne kati ya tano ni naitrojeni, gesi pole, haina ugomvi na mtu. Lakini ndani ya silinda, miali ya moto ikipita nyuzi 1,500 hivi na kuendelea kupanda, naitrojeni inashikana na oksijeni. Kadiri moto unavyokuwa mkali ndivyo oksidi zinavyozaliwa kwa wingi. Sasa angalieni mtego ulipo. Injini yenye moto mkali na hewa tele haina masizi, dohani yake ni safi kwa macho, na ndiyo inayotoa oksidi nyingi. Ukichelewesha mafuta kuingia kwenye silinda, moto unapoa, oksidi zinapungua, masizi yanapanda na dizeli inaliwa zaidi. Ukiwahisha, kinyume chake. Ukikandamiza huku kunanyanyuka kule. Kwa hiyo fundi anayewahisha pampu ili moshi usionekane siku ya ukaguzi ameficha tatizo moja kwa kukuza jingine, tena ameongeza presha kwenye pistoni na beringi. Dohani isiyoonyesha moshi siyo cheti cha usafi.

Oksidi hizi zinachoma njia ya hewa ya watoto wenye pumu, na zikirudi chini na mvua zinakuwa mbolea ndani ya ziwa. Sisemi moshi wa meli ndio uliotuletea gugu maji. Gugu maji lina wazazi wengi, na mifereji ya majitaka na mashamba imetutangulia mbali. Lakini ziwa hili limeshashiba mbolea, na mwenye kijiko kidogo naye anaongeza.

Mkataba wa bahari umepanga injini kwa madaraja matatu. Chukueni injini ya mizunguko 750 kwa dakika. Daraja la kwanza, kwa meli zilizojengwa kuanzia mwaka 2000, inaruhusiwa kama gramu 12 za oksidi kwa kila kilowati-saa. Daraja la pili, kuanzia 2011, gramu 9.6. Daraja la tatu ni gramu 2.4, na linadaiwa kwenye maeneo ya pekee tu, kama Marekani Kaskazini kwa meli za kuanzia 2016, Baltiki na Bahari ya Kaskazini kuanzia 2021. Injini ya kilowati 1,000 ikifanya kazi saa moja kwa nguvu zake zote, tofauti ya daraja la kwanza na la tatu ni kama kilo 9 na nusu za sumu. Saa moja tu hiyo.

Kutoka la pili kwenda la tatu watu wanatumia zaidi njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha sehemu ya moshi uliopozwa ndani ya silinda ili moto usiwe mkali. Ya pili ni kupitisha moshi kwenye kichocheo, kifaa kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali, huku ukinyunyiziwa maji ya urea. Urea inageuka amonia, amonia inazivunja oksidi zinabaki naitrojeni na mvuke. Urea ndiyo ile ile ya mahindi? Ndiyo na hapana. Msije mkaenda duka la pembejeo mkanunua mfuko. Urea ya shamba ina vitu vilivyochanganywa au kupakwa ili isigande, na vitu hivyo vinaua kichocheo. Inatakiwa safi, ya kiwango chake. Kichocheo pia kinataka moshi wa moto, nyuzi 300 hivi, kwa hiyo meli inayotambaa haifaidiki nacho sana. Ila kuna habari njema inayoturudisha kwenye salfa: salfa ni adui mkubwa wa vichocheo na vichujio vya masizi, na sisi hatuna salfa. Vifaa vinavyowasumbua wenzetu wa mafuta mazito vingedumu huku.

Je, tuvifunge kwenye meli za zamani? Maoni yangu ni hapana. Pesa hiyo iende kwenye injini mpya wakati wa ukarabati mkubwa. MV Victoria, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1960, ilirudi kazini 2020 ikiwa na injini mpya, na hiyo ndiyo njia ya busara. Pale Mwanza Kusini imejengwa meli ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ikashushwa majini Februari 2023. Ziwa linapata vyombo vipya. Swali la daraja la injini liulizwe siku ya kuandika zabuni. Na wewe unayenunua injini kuukuu ya zaidi ya kilowati 130, dai cheti chake cha kimataifa cha hewa chafu. Muuzaji akicheka, ondoka.

Kabla ya injini mpya, mwenye dawa ya oksidi, masizi na kaboni dayoksaidi kwa pamoja ni nahodha. Nguvu inayotakiwa kwenye pangaboi inapanda kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi. Punguza kasi kwa asilimia 10, nguvu inashuka kwa asilimia 27. Safari ya saa 9 itakuwa saa 10, na ukipiga hesabu ya safari nzima umeokoa takriban asilimia 19 ya mafuta. Meli inayoondoka usiku kufika Bukoba asubuhi, ikichelewa saa moja abiria aliyelala hajui, lakini tangi linajua. Nahodha huyo huyo anaweza kuacha tabia ya kusukuma kasi yote mara kamba zinapofunguliwa. Gavana, kifaa kinachodhibiti mafuta ya injini, inamwaga mafuta papo hapo, turbo bado haijaamka, na lile wingu jeusi linaloangukia watu waliokuja kusindikiza ndugu zao linatokea hapo. Panda hatua kwa hatua. Na mkiona joto la maji ya kupoza linapanda, angalieni chujio la maji ya ziwani, huenda gugu maji limeshafika kabla yenu.

Sasa gatini. Meli imefungwa kamba tangu asubuhi, injini kubwa zimezimwa, lakini jenereta inanguruma siku nzima kwa ajili ya taa, friji na pampu. Jenereta iliyoundwa kwa mzigo mkubwa ikabebeshwa taa na friji tu ni jenereta inayojiua: silinda hazipati joto, mafuta hayaungui yote, kaboni inajaa kwenye valvu na kwenye turbo. Ndiyo jenereta mbovu kuliko zote kwa masizi, na imesimama karibu na watu kuliko zote. Bandari ya Gothenburg kule Sweden ilianza kuziunganisha meli na umeme mkubwa wa nchi kavu mwaka 2000. Sisi hatuhitaji umeme mkubwa namna hiyo. Meli zetu zikiwa zimetulia hazitaki mengi. Zamani ningesema haya mngenicheka, kwa sababu mgao ungetukuta tumezima jenereta. Leo Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, na Rusumo, hapo mpakani, inatoa 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi. Umeme wa maji upo. Kinachokosekana ni nguzo moja gatini yenye soketi inayofanana na ya meli, mita, na mtu mwenye ufunguo ambaye hatakuwa ameenda kula. Kama kuna jambo moja naliomba kwa wakubwa waliopo ukumbini, ni nguzo hiyo.

Sheria nitaipita haraka. MARPOL iliandikwa kwa ajili ya bahari, na ziwa letu lina nchi tatu. Kanuni ya moshi ya Mwanza isiyojulikana Port Bell wala Kisumu itawasukuma wenye vyombo kuhamisha usajili. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo, na hiyo ndiyo meza yake.

Lakini hatuhitaji kusubiri meza hiyo ili kuanza kupima. Mwishoni mwa miaka ya 1880, Mfaransa Ringelmann alichora kadi yenye vivuli kutoka mweupe hadi mweusi, namba 0 mpaka 5, kila hatua ikiwa asilimia 20 ya weusi. Unasimama mbali kidogo, jua likiwa nyuma yako, unalinganisha moshi na kadi. Haina betri. Inachapwa kwa mia tano pale mjini. Ikae kwenye chumba cha usukani, na kila kuondoka gatini namba iandikwe kwenye daftari pamoja na saa za injini. Najua haigusi oksidi, nimeshasema hizo hazionekani. Lakini daftari la wiki chache litaonyesha kama 1 imekuwa 2 na 2 inaelekea 3, na mtajua nozeli zinaita kabla hazijapiga kelele. Wakaguzi wanaohesabu majaketi ya kuokolea wanaweza kuliomba daftari hilo kwa ziara hiyo hiyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mashine ya kupimia nozeli ipo pale mlangoni kwenye meza ya bluu, na nimeona mafundi wawili watatu wamekuja nazo wamezifunga kwenye kitambaa. Tuanze na hizo. Wa vyombo vidogo watangulie, wa meli kubwa mna karakana zenu. Vijana wa chuo mvute mkono wa pampu kwa zamu, ila mtu asiweke kiganja mbele ya ncha: presha ile inatoboa ngozi na kuingiza dizeli kwenye damu, na hapo hatutakuwa na kazi ya moshi tena, tutakimbizana kwenda hospitali ya Bugando. Asanteni sana.